Mtoto Aliyewahi: Kazi ya Mama na Baba Hospitalini

Somo la safari hii lawahusu wazazi ambao mtoto wao amewahi kuzaliwa. Mimba huhesabiwa majuma 40. Mtoto akizaliwa kabla ya kutimiza majuma 37 husemwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati, na watu wengi humwita njiti, yaani kijiti chembamba kama cha kiberiti. Sina ugomvi na jina hilo, maana limekwisha kuzoeleka hata kwa waganga na wauguzi. Lakini mtoto huyo ana haki ya jina lake mwenyewe, na kama wazazi hawajampa, wampe mapema. Mwuguzi aliyeandika "Mtoto wa Mama Fulani" kwenye karatasi ya kitanda hatakataa kuibadilisha.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 walizaliwa watoto wa namna hii milioni 13.4 duniani, karibu mmoja katika kila kumi. Basi hakuna mtaa wetu hata mmoja usio na nyumba iliyoguswa. Hata hivyo nyumba hizo hukaa kimya. Mama hurudi kutoka hospitali mikono mitupu, au harudi kabisa kwa majuma mengi, na majirani hawajui waulize nini. Wengine hudhani kuuliza ni kumtia mama aibu. Kwa ajili hiyo yafaa somo hili lisomwe na watu wote, hata wale ambao watoto wao walizaliwa wanene na wenye kelele.

Neno ninalotaka lishikwe ni moja. Wazazi wengi, mtoto akichukuliwa kupelekwa wodi ya watoto wadogo, hufikiri kwamba kazi yao imekwisha. Mtoto sasa ni wa madaktari. Wao ni wageni wa kusimama dirishani na kungoja habari. Mawazo hayo yamegharimu uhai wa watoto. Kifua cha mama, maziwa ya mama, na mikono safi ya wazazi wote wawili ni sehemu ya matibabu, na kwa watoto walio wengi ni sehemu kubwa kuliko dawa.

Kwa nini mtoto huyu ni dhaifu

Miezi ya mwisho tumboni si ya kunenepa bure. Ndipo mtoto anapojiwekea mafuta chini ya ngozi. Ndipo mapafu yanapopata ute laini unaozuia vifuko vya hewa visigandamane. Ndipo mama anapompitishia sehemu kubwa ya kinga ya maradhi kwa njia ya kondo la nyuma, na ubongo unapojifunza kupanga kunyonya, kumeza na kupumua ili visigongane. Mtoto wa majuma 30 amezaliwa kabla ya kuyamaliza hayo. Ngozi yake ni nyembamba, na hupoteza joto upesi hata katika chumba ambacho sisi wakubwa tunatoka jasho. Joto la mwili wake lapasa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Akipoa, hutumia akiba yake ndogo ya sukari ili kujipasha moto, uzito haupandi, na pumzi hulegea.

Kuhusu sababu za kuwahi, nitapita upesi. Wakati mwingine zajulikana: mapacha, shinikizo la damu la wajawazito, malaria, maambukizo katika njia ya mkojo au ya uzazi, mama mwenye umri mdogo mno, mimba zilizofuatana bila nafasi. Mara nyingi hata daktari hawezi kusema. Kwa hiyo shangazi au mkwe anayetafuta ni mwiko gani uliovunjwa, au ni jicho la nani lililomdhuru mjamzito, aombwe kwa heshima anyamaze. Mama aliyelala wodini amekwisha kujilaumu vya kutosha bila msaada wake.

Liko jambo moja la kabla ya kuzaa ambalo ni lazima nilitaje. Mwaka 1963 Rais Kennedy wa Marekani alizaliwa mtoto wa kiume, Patrick, aliyewahi kwa majuma matano na nusu. Alikuwa na uzito wa kilo 2 na kitu, na bado alikufa baada ya siku mbili kwa sababu mapafu yake hayakuwa tayari. Nchi yenye mali kuliko zote haikuwa na la kumfanyia. Mwaka 1972 waganga wawili wa New Zealand, Liggins na Howie, walitangaza kwamba sindano aliyochomwa mama kabla ya kuzaa huharakisha kukomaa kwa mapafu ya mtoto. Sindano hiyo hutolewa siku hizi katika hospitali zetu, hasa mimba ikiwa haijafika majuma 34. Lakini yahitaji muda kufanya kazi, na ikipata siku nzima ni bora zaidi. Basi mama akiona uchungu, damu, au chupa ya uzazi imepasuka kabla ya siku zake, asikae nyumbani akingoja kuona kama itatulia. Aende hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku, hata kama mume hayupo.

Kifua cha mama

Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchini Kolombia, alikuwako daktari wa watoto jina lake Edgar Rey Sanabria. Katika hospitali yake inkubeta, yaani yale masanduku ya kioo yenye joto, zilikuwa chache. Watoto walilazwa pamoja katika sanduku moja, wakaambukizana, na wengi wakafa. Daktari huyo akaanza kuwarudishia mama watoto wao wawabebe kifuani, ngozi kwa ngozi. Mwenzake, Daktari Héctor Martínez, akajiunga naye kuiendeleza kazi. Watu wakaiita njia ya kangaruu, kwa kumfananisha mama na yule mnyama wa Australia ambaye mtoto wake huzaliwa mchanga mno na kukulia mfukoni.

Kwa miaka mingi wako waliodhani kwamba njia hii ni ya maskini, ya kushika nafasi mpaka mashine zitakapopatikana. Wazazi wengine hudhani hivyo hata leo, na mama akiambiwa ambebe mtoto husikitika kana kwamba amenyimwa kitu kilicho bora. Yafaa wasikie habari ya uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021. Ulifanyika katika hospitali tano, za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na ya Tanzania ilikuwa Muhimbili. Watoto walikuwa 3,211, wenye uzito wa kilo 1 hadi kasoro kidogo kilo 1.8. Kundi moja waliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, kabla hata hali yao haijatulia. Kundi la pili walitunzwa kwanza katika mashine za joto kama ilivyokuwa desturi, na kupelekwa kifuani baadaye walipokwisha kutulia. Katika siku 28 za kwanza, kundi la pili walikufa karibu 16 katika kila 100. Kundi la kwanza walikufa 12. Wasimamizi waliona tofauti hiyo wakausimamisha uchunguzi kabla ya wakati wake, kwa kuwa haikuwa haki tena kuwanyima watoto wa kundi la pili. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaagiza kwamba kubeba kifuani kuanze mapema iwezekanavyo, kwa saa 8 hadi 24 kila siku, isipokuwa kwa mtoto mahututi asiyeweza kupumua mwenyewe.

Tafadhali msomaji, zitazame tena hesabu hizo. Watoto karibu wanne katika kila mia waliokolewa, na hakuna dawa mpya iliyonunuliwa. Kilichotakiwa ni mama awepo karibu na mtoto wake, apewe kitanda, na asaidiwe.

Jinsi ya kumbeba ni hivi. Mama avae nguo inayofunguka mbele, avue sidiria. Mtoto awe na nepi, kofia na soksi tu. Mwuguzi atamsimamisha katikati ya matiti, kifua kwa kifua, kichwa kimegeuzwa upande mmoja na kidevu kimeinuliwa kidogo ili njia ya hewa isibanwe. Shingo isikunjwe mbele, wala isipinduliwe mno nyuma. Miguu ikunjwe kama ya chura, na mikono ikunjwe vivyo hivyo. Kisha afungwe kwa kitambaa, pindo la juu likae chini ya sikio la mtoto. Pakazwe penye kifua ili mama akisimama mtoto asiteleze, lakini pasikazwe penye tumbo, maana mtoto mchanga hupumua kwa tumbo. Nchi nyingine hushona vifuko maalum kwa kazi hii. Sisi tuna kanga, na sijaona kitambaa kilicho bora zaidi.

Hapo mama aweza kutembea, kula, kuzungumza na wenzake, na hata kulala, mradi awe ameegemea mito nusu kukaa, asilale chali kabisa. Kila abebapo, akae naye si chini ya saa moja. Kumtoa na kumrudisha kila mara humsumbua mtoto na kumpoza. Faida zake ni nyingi kuliko joto. Watoto hawa husahau kupumua; hukaa sekunde kadhaa kimya kabisa, kwa sababu sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi haijakomaa. Kifua cha mama kinachopanda na kushuka humkumbusha. Akiwa pale hupata pia vijidudu vya kawaida vya ngozi ya mama yake, ambavyo ni afadhali kuliko vya hospitali. Na mama ndiye wa kwanza kujua kwamba leo mtoto amelegea kuliko jana. Wauguzi wenye watoto thelathini wa kutazama hawawezi kulijua hilo upesi kama yeye. Basi akiona hivyo aseme, wala asiogope kuambiwa kwamba anasumbua.

Maziwa, tone kwa tone

Mtoto aliyezaliwa kabla ya majuma 34 hivi kwa kawaida hawezi kunyonya vizuri. Hulishwa kwa mpira mwembamba unaopitishwa puani au mdomoni hadi tumboni. Mama akiona hivyo hudhani maziwa yake hayatakiwi bado, naye hungoja. Siku tatu zikipita, matiti nayo huanza kukata tamaa. Asingoje. Aanze kukamua kwa mkono katika saa za kwanza baada ya kuzaa, naye aendelee mara nane au zaidi kwa siku, na usiku pia. Zile za usiku ndizo ngumu, na ndizo zinazolinda maziwa yasipungue.

Mwanzoni atapata matone tu, mazito na ya manjano. Hiyo ni dang'a. Bibi zetu wengine waliimwaga wakiiona chafu. Kwa mtoto huyu kila tone lina kinga aliyokosa kuipata tumboni. Hata likipakwa ndani ya shavu lake lamfaa. Maziwa ya mama aliyejifungua mapema, katika majuma ya kwanza, huwa na protini nyingi kuliko ya mama aliyetimiza miezi yake. Tena uko ugonjwa wa matumbo unaowapata watoto hawa, ambao huozesha sehemu ya utumbo na kuua wengi. Watoto wanaolishwa maziwa ya mama hupatwa nao kwa nadra kuliko wanaolishwa ya kopo. Ndiyo sababu mwuguzi hukasirika akimkuta mtu wa nyumbani ameleta chupa ya maji ya sukari au dawa ya kienyeji ya kumsafisha mtoto tumbo. Ana haki ya kukasirika.

Kukamua kwenyewe si kuvuta chuchu. Mama anawe mikono, akande titi taratibu, aweke kidole gumba juu na vidole vingine chini, nyuma kidogo ya duara jeusi, asukume kuelekea kifuani, kisha abane na kuachia. Maziwa yaingie katika kikombe kilichochemshwa. Baadaye mtoto atalambishwa kwa kikombe kidogo, kisha atajaribu titi. Mara ya kwanza atalamba tu na kulala usingizi. Hilo nalo ni somo lake.

Wazazi hutishwa sana na mizani. Katika siku za kwanza uzito hushuka, hata sehemu moja katika kumi, nao huweza kuchukua siku kumi hadi kumi na nne kurudi ulipokuwa. Hayo ni ya kawaida. Baada ya hapo twatazamia kama gramu 15 kwa siku kwa kila kilo ya mtoto. Mwenye kilo 1.5 ataongeza kama gramu 22, yaani karibu vijiko viwili vikubwa vya sukari. Siku moja ya kutopanda si msiba. Siku tatu zikifuatana, waulizwe wauguzi.

Vyombo vinavyotisha

Baba mmoja akiingia wodini mara ya kwanza huona mipira na waya, kisha huona chupa ya maji inayochemka mapovu kando ya kitanda, naye hudhani mtoto anakufa. Mapovu ni dalili njema. Mashine ile husukuma hewa puani kwa nguvu kidogo isiyokoma, ili mapafu yasijifunge kila mtoto anapotoa pumzi. Mapovu yakikoma, ndipo mwite mwuguzi.

Wengine hulalamika kwamba mwuguzi amepunguza oksijeni ya mtoto wao, wakadhani inabaniwa kwa sababu ya gharama. Oksijeni kwa mtoto aliyewahi ni dawa, na kama dawa zote ina kipimo. Katika miaka ya 1940 na 1950, kabla jambo hili halijajulikana vizuri, maelfu ya watoto katika nchi tajiri walipewa oksijeni nyingi mno, mishipa midogo ya macho yao ikaharibika, wakapofuka. Mwimbaji Stevie Wonder wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1950 kabla ya majuma yake, ni mmoja wao. Kwa hiyo mwuguzi akitazama kile kibano cha mguuni chenye taa nyekundu na kupunguza hewa, anayalinda macho.

Mwanga wa buluu ni kwa ajili ya manjano, na macho hufunikwa ili yasiumie. Kumwanika mtoto juani hakutoshi badala yake, na huweza kumpoza au kumchoma. Dawa ya kuzuia kusahau kupumua ni kafeini, ile ile iliyomo katika kahawa. Wazazi wengi wakisikia hivyo hucheka, na ni vizuri wakipata la kuwachekesha.

Kinachoua kimya kimya katika wodi hizi ni maambukizo, na vyombo havisaidii sana hapo. Kunawa mikono kwa sabuni hadi kwenye kiwiko, kuvua pete na saa, kutomshika mtoto wa jirani hata akilia, kukaa nyumbani mwenye mafua: haya ni kazi za wazazi na jamaa, na hakuna daktari awezaye kuyafanya kwa niaba yao.

Baba, bibi na wanaparokia

Mama hawezi kumbeba mtoto saa zote hizo peke yake. Lazima aoge na alale, na huenda alifanyiwa upasuaji. Kifua cha baba kina joto kama cha mama, na mtoto hutulia pale vile vile. Wanaume wetu wengine huona haya kuvua shati mbele ya wauguzi. Haya hiyo ina maana siku ya kawaida, lakini hapa haina nafasi. Kama wodi ni ya akina mama watupu na baba hawezi kuruhusiwa usiku, basi bibi au dada mwenye afya njema aandikishwe kuwa msaidizi.

Desturi ya siku arobaini ni desturi njema. Mzazi hukaa ndani, hupikiwa uji wa pilipili manga na mchuzi, hukandwa, hafanyi kazi. Mama wa mtoto aliyewahi hukosa vyote hivyo. Analala wodini, anakula chakula kilichopoa, anaamka kila saa tatu kukamua, na nyumbani ana watoto wengine wawili ambao hawajui ametoroka wapi. Tuseme siku ya sita mume anatuma neno kwamba mtoto wa pili ana homa na mahindi yanaliwa na nyani. Mama huyo atafanya nini? Mara nyingi huomba ruhusa, huenda nyumbani siku mbili, na akirudi hukuta mtoto wa kifuani amepoa na maziwa yamepungua. Sitamlaumu mama huyo. Nauliza tu parokia ilikuwa wapi siku ya pili, ya tatu na ya nne.

Kumtembelea mgonjwa na kumwombea ni jema, lakini wodi hii haitaki wageni wengi wanaoimba. Yataka jamaa mmoja mwenye sufuria ya chakula cha moto saa sita na mwingine jioni. Nauli ya baba. Kanga mbili safi kila baada ya siku moja. Mtu wa kulala na watoto nyumbani. Na mtu wa kulinda shamba. Umoja wa akina mama waweza kuyapanga hayo kwa zamu katika kikao kimoja. Na atakayekwenda asimwambie mama asilie. Amwache alie, kisha amshikie kikombe. Mama akiendelea kukosa usingizi hata mtoto akiwa salama, au asipotaka kumtazama mtoto wake, au akisema afadhali afe, wauguzi waambiwe siku ile ile. Huo ni ugonjwa unaotibika. Si ukosefu wa imani.

Kwa wenye ajira, sheria za kazi za Tanzania Bara zilirekebishwa mwaka 2025, hata majuma yaliyosalia kufikia 40 yasihesabiwe ndani ya likizo ya uzazi ya mama aliyejifungua kabla ya wakati. Mwajiri asiyejua aelezwe kwa upole, na aonyeshwe barua ya hospitali.

Ubatizo wa hatari

Wazazi huuliza kama mtoto aweza kubatizwa hospitalini. Aweza. Kasisi aitwe, na kama hakuna nafasi ya kumngoja, Mkristo yeyote aliyepo aweza kumbatiza, awe mwuguzi, bibi au baba mwenyewe. Ataje jina la mtoto, na kumbatiza kwa maji kwa Jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Maji yawe safi na ya uvuguvugu, matone machache ya kidole, kichwa kipanguswe na kofia irudishwe mara. Kisha kasisi aarifiwe ili aandike katika daftari. Mtoto akipona harudiwi ubatizo. Huletwa kanisani apokelewe mbele ya watu wote, na hiyo huwa siku ya furaha kubwa.

Na mtoto akifa kabla ya kubatizwa, wazazi wasitishwe na mtu. Kanisa letu halifundishi kwamba mtoto huyo amepotea, wala hanyimwi maziko ya Kikristo. Nalisema hili kwa sababu bado zipo nyumba ambazo kichanga huzikwa upesi na wanawake wawili nyuma ya nyumba, bila jina wala sala, na mama hukatazwa kulia kwa kuwa "hakuwa mtu bado". Alikuwa mtu. Alibebwa kifuani majuma mawili. Kasisi aitwe, azikwe kwa jina lake, na mama na baba wapewe nafasi ya kumshika kabla hajafungwa sanda, kama wanataka.

Kurudi nyumbani

Hakuna uzito mmoja wa kuruhusiwa ulio sheria kila mahali. Daktari hutazama kama mtoto ananyonya au kulishwa kwa kikombe vya kutosha, anaongeza uzito, anashika joto akiwa kifuani, hasahau tena kupumua, na kama mama mwenyewe ana hakika. Nyumbani kubeba kunaendelea mpaka mtoto mwenyewe akatae. Atapiga mateke na kujivuta atoke. Hapo ndipo amekwisha kukua.

Arudishwe hospitali bila kungoja kesho akiacha kunyonya, akipumua kwa shida au kwa kuvuta mbavu ndani, akiwa wa moto au wa baridi, akilegea, akishtuka degedege, au manjano yakifika viganjani na nyayoni. Siku za kliniki zisikosekane, hasa ile ya kutazamwa macho, kwa kuwa madhara ya macho hutibika yakionekana mapema na hayatibiki yakichelewa. Chanjo huhesabiwa tangu siku aliyozaliwa. Lakini kukaa, kutambaa na kusema kuhesabiwe tangu siku aliyopaswa kuzaliwa. Mtoto aliyewahi kwa miezi miwili na sasa ana miezi minane alinganishwe na watoto wa miezi sita, na jirani mwenye kupenda kulinganisha apewe hesabu hiyo.

Vikundi vitakavyosoma somo hili vizungumze juu ya mambo haya: Je, katika mtaa wetu kuna mama aliye wodini sasa hivi, na nani anajua? Ni nani wanaoweza kupika kwa zamu majuma matatu mfululizo? Nani atakaa na watoto wake? Wanaume nao wajibu peke yao: Je, ungevua shati?